Kumfuga Malinois Dar es Salaam

Siku hizi mbwa wa aina ya Malinois wanaonekana katika nyua za Goba, Mbezi na Kigamboni, mahali ambapo zamani ungemkuta mbwa wa aina ya German Shepherd au mbwa wa kienyeji, na karibu kila anayemnunua hutaja sababu ileile, yaani ulinzi. Mimi ninaye mmoja, dume ambaye watoto walimwita Simba (ubunifu wa Watanzania katika majina ya mbwa unajulikana), na ushauri wangu kwa anayefikiria kumnunua ni kwamba asidhani kulinda geti ni kazi ya kumtosha mbwa huyu.

Asili yao ni Ubelgiji, na jina lao limetokana na mji wa Malines. Kabla ya polisi na majeshi kuwapenda walikuwa wachunga kondoo, kazi inayomtaka mbwa kukimbia kutwa, kufuatilia mwendo wa kila mnyama na wakati huohuo kumsikiliza mwenye mifugo. Tabia hiyo bado imo damuni mwao, ndiyo maana Malinois asiyefundishwa hufukuza bodaboda na huwazunguka watoto wanaocheza mpira huku akiwadonoa visigino. Wengi huuita ukali, ilhali yeye anakusanya kundi. Ukimfungia bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi hapa mjini, atachimba, atatafuna nyaya, atazunguka sehemu moja hadi nyasi zife, na atabwekea kila kipitacho, kiasi kwamba hata mwizi akija hutajua tofauti.

Wengi wakisikia hayo hudhani dawa ni mbio. Mbio zinahitajika, lakini mbwa anayekimbizwa tu kila siku hujenga pumzi, na mwezi unaofuata atahitaji mbio ndefu zaidi kuliko ulizoanza nazo. Kinachomtuliza ni kazi ya pua na akili. Chakula cha asubuhi cha Simba hakiwekwi chote kwenye bakuli. Sehemu yake, pamoja na dagaa wachache wakavu wasio na chumvi, hufichwa chini ya vyungu vya maua, ndani ya vifuu vya nazi na nyuma ya matofali, naye huamriwa kukaa hadi asikie neno “Tafuta”. Anapozoea, maficho yanahamishwa na kufanywa magumu. Robo saa ya kunusa namna hiyo humlaza kivulini kwa utulivu ambao matembezi marefu hayampi. Baada ya hapo huja zoezi ambalo mimi naliona kuwa la maana kuliko yote, yaani kukaa kimya geti likiwa wazi na pikipiki zikipita, hadi atakapoitwa.

Maneno ya amri yawe yaleyale kwa kila mtu nyumbani. Baba akisema “Kaa”, dada wa kazi akasema “Tulia”, na kijana wa jirani akapita ukutani akichombeza “Kamata!” kwa mzaha, mbwa mwerevu hujifunza kwamba maneno ya binadamu hayana uzito. Huo mzaha wa “Kamata” ukomeshwe kabisa, kwa sababu mbwa huyu hafahamu mzaha.

Joto la Dar es Salaam nalo lina sheria zake. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo hapa kati ya Desemba na Machi, kuhema huko hakumsaidii vya kutosha. Na Malinois, kwa bidii yake, hataacha kukimbia kwa sababu tu amechoka. Mazoezi yafanyike alfajiri au baada ya jua kuzama, na lami ijaribiwe kwanza kwa kiganja. Ukiona anayumba, mate yamekuwa mazito na ulimi umekuwa mwekundu kupita kawaida, msogeze kivulini, mmwagie maji ya bomba, mpepee, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo bila kusubiri. Ukimpeleka ufukweni, beba maji ya kunywa, kwani maji ya bahari humtapisha na kumharisha. Asikimbizwe mara tu baada ya kula, kwa kuwa mbwa wenye kifua kirefu wamo katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota, jambo linaloweza kumuua kwa muda mfupi. Kupe wakaguliwe kila anaporudi nyumbani, masikioni na katikati ya vidole.

Kuhusu majirani, jirani yangu, Hajati mwenye heshima zake, aliwahi kunieleza kwa upole kwamba hana chuki na mbwa, ila pua yenye majimaji ikigusa vazi lake humlazimu kuliosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo aswalie. Tangu hapo sisi hutoka baada ya watu kurudi kutoka msikitini alfajiri, kamba ikiwa fupi, na tunapokutana na mtu njiani mimi ndiye ninayehamia upande wa pili. Watoto wa mtaa wanaomwogopa nao wana haki ya kupita bila kukimbia, hasa kwa kuwa kukimbia ndiko kunakomwamsha mchungaji aliyemo ndani yake.

Anayeondoka Goba gizani na kurudi usiku kwa sababu ya foleni, na hana mtu nyumbani mwenye muda na moyo wa kazi hii, amtafute mbwa wa kienyeji. Huyo amelizoea joto letu, hula kwa kiasi, na anaweza vizuri kubweka mgeni anapogonga. Naye pia apelekwe kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kwa tarehe atakayoandikiwa na daktari kwenye kadi yake.