Je, hewa inaweza kuwa hasi?

Swali: Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo hapa Moshi. Katika maelezo ya ramani ya maabara ya utafiti wa kifua kikuu, niliandika kwamba chumba cha kuoteshea vimelea "kina hewa hasi". Mhandisi akasahihisha kuwa "kina kanieneo hasi", lakini daktari aliyepewa asome hakuelewa yote mawili. Lipi ni sahihi?

Jibu: Kwa istilahi, mhandisi amekuzidi, ila daktari naye ana haki ya kulalamika. Hewa haina uhasi wala uchanya. Kinachopimwa ni nguvu inayosukuma nayo. Vitabu vya fizikia huiita hali hiyo kanieneo, neno lililoundwa kwa kuunganisha kani, yaani nguvu, na eneo, na waliolibuni walifanya kazi nzuri, maana kanuni nzima imo ndani ya jina: kani ikigawanywa kwa eneo. Bahati mbaya, likishatoka darasani ni wachache wanaolitambua. Mkoa wenu wa Kilimanjaro, ambao umetibu kifua kikuu katika hospitali ya Kibong'oto tangu mwaka 1926, una msamiati wake wa tiba uliokwisha kukomaa, na katika msamiati huo kila mtu anajua shinikizo la damu. Kwa hiyo chagua shinikizo. "Presha" iache, kwani mitaani mwenye presha ni mgonjwa.

Linalonisumbua zaidi ni hilo "hasi". Kwa mwinuko wa mji wa Moshi, hewa ina shinikizo la takriban paskali 91,000 (paskali ni kipimo cha shinikizo). Katika chumba kama hicho shinikizo hupunguzwa kwa paskali chache tu, mara nyingi kumi na kitu, ili hewa iingie kutoka korido na isitoke ikiwa imebeba vimelea. Kinachobaki ndani bado ni maelfu kwa maelfu, wala hakikaribii sifuri. Uhasi uko katika tofauti baina ya vyumba viwili, hivyo anayeandika "shinikizo hasi" bila kutaja chumba jirani amesema nusu ya jambo. Kwenye majedwali ya wahandisi neno "hasi" libaki, maana wao wanaelewana. Kwenye maelezo andika: "Shinikizo la hewa ndani ya chumba hiki liwe dogo kuliko la korido." Fundi akisoma hivyo anajua hata namna ya kuhakiki: feni zikiwa zinafanya kazi na mlango umefungwa, anashika ukanda wa karatasi laini kwenye upenyo wa chini, na karatasi inavutwa kuelekea ndani.

Katika ramani uliyoniletea, chumba kidogo chenye milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja umekiita "sebule". Sebuleni mgeni hukaribishwa akaketi. Humu mtu huvaa koti na barakoa, akapita. "Chumba cha kuingilia" kinatosha. Korido nayo usiibadilishe kuwa "ushoroba", ingawa ni Kiswahili safi, kwa sababu msomaji wa Moshi au Arusha akilisikia neno hilo siku hizi huwaona tembo wakivuka kutoka hifadhi moja kwenda nyingine.