Maswali ya Wasomaji: "Mama" Mwenye Masharubu

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha kusoma kimeanza riwaya ya ukoo mmoja wa India, vizazi vinne, kurasa 900, kwa Kiingereza. Tumefika ukurasa wa 120 na tumepotea. Kuna "Mama" mwenye masharubu na "Dada" asiye na meno, na mtu mmoja ana majina matatu. Tufanyeje? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Huyo Mama ni mjomba. Kwa Kihindi mama ni ndugu wa kiume wa mama mzazi, na mkewe ni mami. Dada ni babu mzaa baba, na mkewe ni dadi. Nana ni babu mzaa mama. Nani, ambalo jicho la Mswahili hulisoma kama swali, ni bibi mzaa mama. Bua ni shangazi, mausi ni dada wa mama, chacha ni baba mdogo. Ukoo ukiwa wa Kigujarati, baba mdogo huitwa "kaka". Ukiwa wa Kibengali, "dada" ni kaka mkubwa wa Kiswahili. Basi kwanza jueni familia hiyo ni ya wapi. Msomaji mwingine huyaona maneno haya mageni akayachunguza. Sisi tunayaona ya nyumbani, na hapo ndipo tunapoteleza. Lakini faida ipo: kama Kiswahili, Kihindi hakimchanganyi mjomba na baba mdogo, hivyo neno lenyewe hukuonyesha mtu yuko upande gani wa ukoo.

Viambishi -bhai, -ben na -ji ni vya heshima. Ramesh, Rameshbhai na Rameshji ni mtu mmoja. Wabengali wana jina la nyumbani na jina rasmi, na mara nyingi hayafanani hata kidogo.

Mchoro wa ukoo uliochapwa mwanzoni mwa kitabu uacheni. Hutoboa nani atamwoa nani kabla hamjafika huko. Chukueni daftari, kurasa mbili zinazotazamana, mchore wenu kwa penseli. Wino utawajutisha ndoa ya kwanza ikivunjika. Kila kizazi kipate mstari wake, na nafasi ya vidole vinne kati ya mstari na mstari. Kila mtu aandikiwe majina yake yote na ukurasa alipotokea mara ya kwanza. Bi harusi msimfute kwao: mchoreeni mshale wa kumpeleka ukweni, kwa sababu huko jina lake litapotea, ataitwa bahu na wakwe, bhabhi na mashemeji na mawifi. Wasomaji wengi humhesabu mara mbili hapo.

Someni kurasa 25 kwa siku. Mkianza upya, siku 36 mmemaliza. Mkiacha zaidi ya siku tatu, pitieni mchoro kabla ya kufungua kitabu.

SWALI: Mwandishi wa riwaya yangu ya India hataji mwaka. Nitajuaje tuko mwaka gani? Na "crore" ni nini? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Tafuta matukio. Gandhi akitembea kwenda Dandi kuchukua chumvi, ni Machi na Aprili 1930. Njaa ya Bengal ni 1943. Uhuru na kugawanywa kwa nchi kuwa India na Pakistan ni Agosti 1947. Hali ya hatari ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ni 1975 hadi 1977. Andika mwaka pembeni mwa mchoro wa ukoo, kisha piga hesabu: mtoto wa mwaka wa Dandi ana miaka 17 Pakistan inapozaliwa. Kama mwandishi anamwita kitoto wakati huo, umemchanganya na mdogo wake. Bombay, Madras na Calcutta ndiyo Mumbai, Chennai na Kolkata. Majina yalibadilishwa rasmi 1995, 1996 na 2001.

Laki unaijua, ni ileile yetu. Crore ni laki 100, yaani milioni 10. Usishangae mkato wa tarakimu: laki moja huandikwa 1,00,000. Kabla ya 1957 rupia moja ilikuwa anna 16, na anna moja sarafu 4 ndogo ziitwazo pesa, kwa hiyo mtumishi anayepewa anna 8 amepata nusu rupia.

SWALI: Kitabu kinene kinaachia kurasa. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huenda kilifunguliwa katikati kwa nguvu kikiwa kipya. Kinachofuata kifungue kidogokidogo, kurasa 20 kutoka mwanzo, 20 kutoka mwisho, ukikandamiza taratibu hadi ukutane katikati. Kikipata unyevu wa masika usikianike juani, gundi ya mgongo itakauka na kukatika. Kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana.