Muulize Bi Safari: Jumapili moja tu Malta, niende Marsaxlokk?

*Shikamoo Bi Safari. Septemba nakwenda Malta kwenye harusi ya mdogo wangu anayefanya kazi hotelini huko. Nitabakiwa na Jumapili moja tu ya kutembea. Yeye ananiambia niende mji wa wavuvi wa Marsaxlokk, lakini mwenzangu kazini anasema pale siku hizi ni kuchuna watalii tu. Nimsikilize nani? Na hilo jina linatamkwaje? – Msomaji, Tanga*

Marahaba mwanangu. Tuanze na jina. X ya Kimalta ni sh yetu, basi sema "Marsashlok". Marsa ni bandari, xlokk ni kusini-mashariki, na ndilo jina la upepo wa joto unaovuma kutoka huko. Kimalta kimetokana na Kiarabu, kwa hiyo masikio yako hayatakuwa mageni: sita yao ni sitta, bahari ni baħar, kanisa ni knisja. Wakatoliki hasa wale, ila Mungu wanamwita Alla na Kwaresima wanaiita Randan. Siku ya kwanza nilipoisikia hiyo "Alla" ndani ya knisja nilidhani nimekosea mlango.

Nenda, lakini uwahi. Panda basi Valletta, mji mkuu, asubuhi, saa mbili na nusu uwe umeshafika gatini. Ikigonga saa tano soko la Jumapili limefurika watu, na ukitoka kwenye meza za samaki utakutana na vitambaa vya meza na sumaku za friji. Hapo mwenzako hajakosea.

Nilichokifuata mimi ni mashua, luzzu. Zimepakwa buluu, njano, nyekundu na kijani, mistari imenyooka utadhani kanga mpya, na kila moja ina macho mawili ya kuchongwa kwenye omo. Mimi mtu wa Lamu, majahazi yenye macho nimeyaona tangu utotoni. Hata hivyo nilichutama pale gatini kama mtoto. Jicho moja rangi ilikuwa imebabuka, mzee mmoja akilipaka upya kwa brashi nyembamba, sigara mdomoni, wala hakunitazama.

Septemba umebahatisha, ni msimu wa lampuki, yule yule fulusi wetu. Wavuvi huelesha maboya yaliyofungwa makuti ya mitende, samaki wakaja kujikinga jua kivulini, wakazungushiwa wavu. Muulize bei kabla hujakaa! Mimi niliagiza samaki mzima kwenye mkahawa mmoja bila kusoma kwamba bei ya kwenye menyu ni ya kilo. Bili ilipokuja nikameza mate. Mwambie mhudumu ampime mbele yako.

Ukiangalia ng'ambo ya ghuba utaona winchi za bandari ya makontena. Zinaharibu picha, lakini usizichukie, bandari ni kazi. Ghuba hiyo hiyo ndiyo waliyokutania Rais Bush (baba) wa Marekani na Gorbachev, kiongozi wa Usovieti, melini, tarehe 2 na 3 Desemba 1989, na dhoruba ikawavurugia ratiba. Septemba kwa kawaida bahari ni shwari zaidi, ila koti jepesi libebe.

Adapta usinunue. Waingereza walitawala huko mpaka 1964, wakawaachia plagi za pini tatu kama zetu.