Njia ngumu za baiskeli za mlimani: tuzilainishe kwa ajili ya wanaoanza?

Mkuu mleta mada, kama nimekuelewa, kundi lenu lina njia ya mlimani inayopendwa na wengi. Katikati yake kuna kipande cha mawe na mizizi ambapo wapya wote hushuka na kusukuma baiskeli, na sasa kuna hoja ya kung'oa mawe ili kila mtu apite akiwa juu ya pedali. Nusu yenu wanaafiki, nusu wanasema mtakuwa mmeiua njia. Mimi nimeendesha kwa miaka mingi, na nimeshika sururu na mtaimbo kwenye kazi za kujitolea za kutengeneza njia kiasi cha kuwa na msimamo. Msimamo wenyewe ni huu: mawe yaacheni. Anayeanza haumizwi sana na ugumu anaouona mbele yake. Anaumizwa na ugumu asioutarajia, na huo unaweza kuondolewa bila kuligusa jiwe hata moja.

Nianze na mawe. Jiwe lililojikita kwenye mteremko lina kazi pale lilipo. Linashika udongo, linayapunguza maji mbio, na linabeba tairi ambazo vinginevyo zingekuwa zinasaga udongo mtupu. Uking'oa, linabaki shimo. Hata ukilifukia, udongo wa kufukia haushikani kama ule wa asili, na mvua kubwa ya kwanza inaupata mlango. Nimeona vipande vilivyolainishwa kwa nia njema vikigeuka makorongo ndani ya misimu michache, na ndani ya korongo mna mawe mapya ambayo hayakuwepo, makali na yaliyolegea. Hayo sasa ndiyo hatari. Jiwe lililojikita unaweza kulisoma leo na kesho ukalikuta palepale. Lililolegea linahama chini ya tairi yako ya mbele wakati tayari umeshaamua kupita. Kwa hiyo mliowaondolea ugumu mwaka huu, mwakani mnawapa ugumu mbaya zaidi.

Kabla hamjabishana, nendeni mkasimame pale wakati mvua inanyesha, muangalie maji yanapita wapi. Wajenzi wa njia wana kanuni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inaoukata. Ubavu ukiwa na asilimia 16, njia isipite 8. Na kwa ujumla wastani wa njia nzima ukizidi asilimia 10 au karibu na hapo, udongo wa kawaida hauvumilii. Njia ikivunja kanuni hiyo, maji hayaikatizi tena, yanaifuata kama mtaro. Kama kipande chenu ni cha aina hiyo, yaani kimeshuka moja kwa moja kilima kinavyoshuka, basi huenda hayo mawe mnayotaka kuyang'oa ndiyo kitu pekee kilichobaki kuishikilia njia. Hapo mimi nakubali mabadiliko, tena makubwa: fungeni kipande, ihamisheni njia ikate ubavu kwa mlalo mpole, wekeni mahali inapopanda kidogo kila baada ya mteremko ili maji yatoke. Itakuwa rahisi zaidi kwa wapya, ndiyo, lakini mtakuwa mmeihamisha kwa sababu ilijengwa vibaya.

Sasa jambo ambalo halisemwi sana. Katika mabishano haya, mara nyingi nimekuta kwamba wanaodai mawe yaondoke si wale wanaoanza. Ni watu wa kati, wenye mwaka mmoja au miwili juu ya baiskeli, wanaotaka kuteremka kwa kasi na wanakerwa na kipande kinachowavunjia mwendo. Wanawatanguliza wapya kama ngao. Ukimuuliza aliyeanza juzi, mara nyingi atakwambia kushuka na kusukuma hakumsumbui, anachochukia ni kupigiwa kelele na aliye nyuma yake.

Na kasi ndiyo inayovunja mifupa. Kwenye mawe, mtu mpya anakwenda polepole. Akianguka, anaanguka kwa mwendo wa miguu, anajikwaruza, anacheka. Lainisha palepale, na mtu huyohuyo anafika kwenye kona inayofuata akiwa na mwendo ambao hajawahi kuwa nao, anashika breki zote mbili kwa vidole vyote, tairi ya nyuma inafunga na kuburuza. Ndiyo maana baada ya kipande kulainishwa utaona matuta madogo ya breki yakijipanga kabla ya kona iliyo chini yake. Njia haijawa rahisi. Ugumu umehamia mita 30 chini, mahali ambapo hakuna aliyeutarajia.

Kutotarajia huku ndiko ninakotaka tukae nako. IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za mlimani kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988, kina mfumo wa alama uliochukuliwa kutoka kwenye viwanja vya kuteleza kwenye theluji: duara la kijani kwa njia nyepesi, mraba wa samawati kwa za kati, almasi nyeusi kwa ngumu, almasi mbili kwa ngumu kupindukia. Nyuma ya alama kuna vipimo. Kwenye njia ya kijani, kikwazo kisichokwepeka kisizidi sentimita 5 kwenda juu. Kwenye samawati hadi 20. Kwenye nyeusi hadi karibu 38. Upana nao unapungua hivyohivyo, kutoka takriban sentimita 90 kwa kijani hadi 60 kwa samawati na 30 kwa nyeusi. Uingereza wana rangi zao, wameingiza nyekundu kati ya samawati na nyeusi, lakini wazo ni lile.

Chukueni futi ya kupimia mwende nayo kwenye kile kipande. Daraja la njia huamuliwa na kipande chake kigumu kuliko vyote, hata kama kilomita zote zilizobaki ni laini. Ngazi moja ya jiwe ya sentimita 35 katikati ya njia mliyoipa kijani inaifanya kuwa njia nyeusi ambayo hakuna aliyemwambia mgeni. Hapo mna mambo mawili ya kweli ya kufanya: badilisheni alama, au toeni njia ya kando mahali hapo. La tatu, la kuipunguza ngazi iendane na alama, ndilo linalowajia watu kwanza kwa sababu halihitaji kufikiri.

Kuna mbinu nzuri kuliko zote na haigharimu kitu: wekeni ugumu mlangoni. Kikwazo kinachofanana na kigumu zaidi cha mbele kikae ndani ya mita chache za mwanzo, ambapo mtu bado anaona alikotoka. Asiyekiweza ageuze akatafute njia nyingine, badala ya kugundua katikati ya mteremko ambapo kurudi ni kupanda na kuendelea ni kuomba Mungu. Moab, Utah, kuna njia maarufu ya Slickrock, iliyowekwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, mzunguko wa karibu kilomita 16 juu ya mwamba wa mchanga. Mwanzoni kuna mzunguko mfupi wa mazoezi. Watu huingia wakidhani ni wa watoto; ugumu wake ni uleule wa mzunguko mkubwa, umbali tu ndio mfupi. Anayetoka pale akihema ameshapata jibu, na gari lake liko karibu. Hakuna aliyelazimika kuusawazisha mwamba.

Tazameni pia Coed y Brenin kule Wales, miongoni mwa vituo vya mwanzo Uingereza kujenga njia mahususi za baiskeli za mlimani, miaka ya 1990. Sifa yake ilijengwa juu ya mawe, mawe, na mawe. Walipotaka kuwapokea wanaoanza na familia hawakuyagusa yale ya zamani, waliongeza njia mpya ya samawati iitwayo MinorTaur. Whistler nchini Kanada ndiyo usiseme, kuna A-Line, njia ngumu ya miruko, na B-Line iliyo nyepesi zaidi, kila mtu achague. Na hata hiyo A-Line, pamoja na sifa yake ya miruko, miruko yake mingi imejazwa udongo katikati kama meza. Asiyefika ng'ambo anatua juu ya udongo, hatumbukii shimoni. Njia inaweza kubaki ngumu na bado ikamsamehe aliyepungukiwa, na kama mnatafuta mabadiliko ya kufanya, tafuteni ya namna hiyo.

Mtasema hamna uwezo wa kujenga njia mpya nzima. Sawa, basi njia ya kando kwenye kile kipande kimoja. Lakini hapa pana mtego ambao makundi mengi yameingia. Njia ya kando lazima iwe ndefu kuliko ile kuu na yenye mwendo wa polepole zaidi. Mkiifanya fupi na laini, wenye haraka wote wataifuata, ndani ya muda mfupi itakuwa ndiyo njia kuu, na mawe yenu yataota majani. Izungusheni, ipeni kona mbili za taratibu, igawanyike mahali ambapo mtu anaona pande zote mbili kabla hajalazimika kuamua, na irudi kwenye njia kuu mahali ambapo anayeteremka anaweza kumwona anayeingia. Halafu msiipe jina la dharau. Nimeona watu wazima wakijitupa kwenye mawe wasiyoyaweza kwa sababu tu kibao cha upande wa pili kilikuwa kinawacheka.

Kwa wale wa upande wa pili, wanaosema njia isiguswe kabisa: njia isiyoguswa inabadilika vilevile. Mtu mpya akiuona mzizi ulioinuka anaukwepa kwa kupita pembeni. Wa pili anafuata. Baada ya muda njia ya nusu mita imekuwa na mita tatu, mimea ya pembeni imekufa, mizizi imebaki wazi zaidi kuliko mwanzo, na mti wenyewe unaumia. Kwa hiyo ama mnawajengea pa kupita, ama watajijengea wenyewe kwa magurudumu, na wao hawaangalii maji yanakokwenda. Na hii dini ya kwamba njia ya kweli haitengenezwi sijui imetoka wapi. Zile mbio za Repack za mwaka 1976 karibu na Fairfax, California, ambazo wengi tunazihesabu kama chimbuko la mchezo huu, zilifanyika kwenye barabara ya zimamoto. Barabara ya kuchongwa, upana wa gari.

Jambo dogo lenye matokeo makubwa: mwelekeo. Jiwe la sentimita 15 ukiliteremka ukiwa umesimama, pedali zikiwa sawa na macho mbele, hulisikii. Lipande hilohilo ukiwa umechoka, linakusimamisha kila mara. Kama njia yenu ni ya mzunguko, jaribuni kuwapeleka wapya kwa kuigeuza, wapande upande ulio laini na wateremke ule wa mawe. Sharti tu mwelekeo uwe mmoja kwa wote na uandikwe, vinginevyo mtakutana uso kwa uso.

Halafu kagueni baiskeli zao kabla ya kuilaumu njia. Wapya wengi hufika na tairi zilizojazwa upepo mpaka zinalia kama ngoma, paundi 50 au 60 za shinikizo (PSI) kwenye tairi pana ambayo kwa mtu wa uzito wa kawaida ingetosha 25 hadi 30. Tairi hiyo haikumbatii jiwe, inaruka juu yake. Siti nayo iko juu kabisa, imewekwa kwa ajili ya kupiga pedali tambarare, kwa hiyo kwenye mteremko mtu hana pa kushusha mwili. Punguza upepo, teremsha siti, mfundishe kutumia kidole kimoja kwenye breki ya mbele badala ya kuiogopa, kisha mrudishe kwenye kipande kilekile. Si wote watapita, lakini mtashangaa ni wangapi.

Ukiacha njia iliyojengwa vibaya, mahali pekee ambapo ningebadilisha njia iliyopo bila kubishana ni kwa ajili ya wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu au manne, zile za watu wenye ulemavu. Tatizo lao kubwa mara nyingi liko kwenye upana na kuinama kwa njia, maana gurudumu moja likiwa juu na jingine chini baiskeli inapinduka. Mawe yenyewe wengi wao wanayavuka vizuri kuliko sisi. Hao hawawezi kushuka na kusukuma, wala kubeba baiskeli kupitisha pembeni ya mti. Kama mnao, au mnataka wawepo, pimeni kila daraja, kila geti na kila pengo kati ya miti miwili, kwa sababu pengo moja la sentimita 70 linawafungia kilomita zote zinazofuata baada yake. Hapo chukueni sururu, mkishapata ruhusa ya mwenye ardhi.