Usimdunge Nguruwe Sindano Kabla Hujamwangalia Vizuri

Juzi kijana mmoja wa pande za Bumala, huku magharibi mwa Kenya, alinitumia picha za nguruwe wake wakiwa wamelaliana kwenye kona ya banda, na swali moja tu: "Mama, hawa wamekataa kula tangu jana. Niwadunge dawa gani?" Maswali ya namna hii hunijia kila mara, lakini hili lilinishtua. Masikio ya jike yalikuwa yamegeuka rangi ya zambarau nchani, na chini ya tumbo ngozi ilikuwa imewiva. Rangi hiyo naijua. Nilimpigia palepale, nikamwambia aweke sindano chini, afunge lango, asimuuze hata mmoja, na amwite afisa wa mifugo wa wadi yake.

Sote tunafuga kwa tumaini lilelile. Jike mmoja akizaa vizuri na vitoto vikapona, karo ya muhula imepatikana bila kuuza kipande cha shamba. Mimi hapa Butere nilijenga banda la saruji kwa pesa za chama, nikanunua majike wa mbegu nzuri, nikawa nauza vitoto mpaka watu wa Mumias wanakuja kuchukua. Kisha nguruwe wa jirani mmoja wakaanza kufa. Hakusema. Alimwita mchinjaji jioni, wale waliobaki wakachinjwa kando ya kijito, nyama ikaenda sokoni, matumbo yakaachwa hapo mbwa wakayaburura. Mchinjaji yuleyule alipita kwangu kuulizia nguruwe wa Krismasi, na buti zake zilezile. Haukupita muda mrefu, wangu wakaanza: homa kali, kukataa chakula, kutetemeka na kulaliana, majike wenye mimba wakatupa, wengine wakaharisha damu. Waliisha wote. Jirani huyo bado tunasalimiana, lakini sitaficha kwamba moyo wangu haujapoa, kwa sababu alijua.

Hiyo ndiyo homa ya nguruwe ya Afrika. Si ugonjwa mpya kwetu. Aliyeueleza kitaalamu kwa mara ya kwanza ni daktari wa mifugo Montgomery, mwaka 1921, kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi hapahapa Kenya. Ngiri huishi na virusi vyake bila kuugua, na kupe laini wanaokaa kwenye mashimo yao huvihifadhi. Lakini vijijini kwetu, ambako ngiri hata huwaoni, wanaoutembeza ni watu: nyama ya nguruwe mgonjwa, makombo ya hotelini yenye mabaki ya nyama, gari la dalali, dume la kuazima linalozungushwa boma hadi boma. Hauambukizi binadamu, ila karibu kila nguruwe anayeupata anakufa.

Dawa hauna. Ni virusi, kwa hiyo dawa za kuua bakteria kama penisilini na oksitetrasaiklini haziugusi hata ukidunga chupa nzima. Chanjo nayo, hapa Kenya mkulima haipati dukani. Vietnam ndiyo iliyoidhinisha yake mwaka 2022. Basi mwenye duka la dawa akikwambia ana "sindano ya homa ya nguruwe", ondoka na pesa zako. Nami niliuziwa dawa ya namna hiyo nguruwe wangu wakiwa wanakufa, na aliyeniuzia alinitazama usoni akihesabu noti.

Lakini si kila nguruwe mwenye homa na ngozi nyekundu ana ugonjwa huo, na hapa ndipo wengi wanapoteza mifugo ambayo ingepona. Mwaka jana mwanachama mwenzetu alitupigia simu akilia kwamba homa imerudi. Dalali alikuwa tayari yuko langoni na bei ya kutupa. Nilienda na kipimajoto changu na buti safi. Nguruwe wa kawaida huwa na joto la karibu nyuzi 39. Wake alikuwa amepita 41. Alikuwa mweusi, kwa hiyo kwa macho sikuona kitu. Nikampitishia kiganja mgongoni polepole, na vidole vikagonga vivimbe bapa, vyenye pembe nne, vilivyoinuka juu ya ngozi na kuwa na joto. Anapokuwa mweupe, utaviona vyekundu, umbo la almasi kabisa. Huo ni ugonjwa wa bakteria unaoitwa erisipela, na penisilini inauweza. Daktari alikuja, akachukua damu ya kupima ili tusijidanganye, akaanza matibabu siku ileile. Kesho yake nguruwe aliamka na kuomba chakula. Najivunia siku hiyo kuliko mauzo yoyote niliyowahi kufanya. Angalizo moja tu: bakteria hao huingia kwa mtu kupitia mchubuko, kwa hiyo kama una kidonda mkononi, vaa glavu.

Nunua kipimajoto. Kinaingizwa kwenye njia ya haja kubwa kikiwa kimepakwa mafuta kidogo, asubuhi kukiwa na baridi, kabla hujamkimbiza nguruwe banda zima, maana kukimbizwa na jua la mchana pia hupandisha joto.

Ukurutu ni jambo jepesi, lakini watu wanauchekea. Nguruwe anajikuna ukutani mpaka manyoya yanaisha, ndani ya masikio kunajaa magamba, na chakula chote anachokula hakionekani mwilini. Ni wadudu wadogo wa ngozi. Ivamektini ya asilimia 1 hudungwa chini ya ngozi, mililita 1 kwa kila kilo 33, kisha inarudiwa baada ya siku 14. Dunga wote pamoja na dume, la sivyo mmoja atawarudishia wengine. Dawa hiyo huua na minyoo mingi ya tumbo pia. Soma kwenye chupa ni siku ngapi nyama haifai kuliwa, na uzitii.

Vitoto vikipauka midomo na kope, vikihema haraka, vimepungukiwa damu. Maziwa ya mama yao yana madini ya chuma kidogo mno. Miligramu 200 za sindano ya chuma siku ya tatu baada ya kuzaliwa, na umemaliza.

Tegu ndio unaonikera zaidi, kwa sababu nguruwe mwenye viluwiluwi vya mnyoo huu mwilini huonekana mzima. Anavipata kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu, chenye mayai yake. Fungua kinywa, vuta ulimi, pitisha kidole chini yake: ukihisi vivimbe vidogo kama punje za mchele, nyama hiyo isiliwe, ingawa kukosa kuviona hakumaanishi yuko salama. Mtu akimeza mayai ya mnyoo huu, viluwiluwi vinavyototolewa vinaweza kufika kwenye ubongo na kumletea kifafa. Huku magharibi bado tuna boma lenye nguruwe wanaozurura na choo hakuna, halafu mtoto akianguka kifafa tunasema amerogwa. Jengeni vyoo, ndugu zangu. Fungeni nguruwe.

Na msifiche magonjwa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inakutaka utoe taarifa, lakini hata bila sheria, mwenzako naye ana watoto shuleni. Ukimuuzia dalali nguruwe mgonjwa ili uokoe elfu tano, umemfilisi mtu usiyemjua kule anakopelekwa.

Yule kijana sampuli zake zimechukuliwa na anasubiri majibu. Ikiwa ni homa ya Afrika, mizoga izikwe ndani kabisa na kumwagiwa chokaa. Banda lisuguliwe kwa sabuni kwanza mpaka kinyesi kiishe, ndipo dawa ya klorini ipigwe, maana juu ya uchafu haifanyi kazi. Libaki tupu zisipungue siku 40. Kisha aingize vitoto viwili vitatu tu, avitazame kwa wiki 6 akivipima joto, na vikibaki vizima ndipo anunue wengine, kutoka kwa mfugaji ambaye banda lake amelifikia na kuliona kwa macho yake.