Kabla hujamposti mwanafunzi wako

Nafundisha tuisheni ya Hisabati hapa Mbeya, jioni, kwenye chumba cha uani karibu na Mwanjelwa. Sina bango hata moja barabarani. Wanafunzi wangu wote wamenipata kupitia stetasi ya WhatsApp na Instagram, kwa hiyo msinione kama mtu anayeichukia mitandao. Inanilisha.

Kosa langu lilikuwa la karatasi mbili. Kijana wa kidato cha pili alinijia akiwa na 19 kwenye jaribio, na muhula uliofuata akapata 74. Nikamshikisha karatasi zote mbili, moja kila mkono, akiwa na sare yake, nikapiga picha. Chini nikaandika: "Kutoka 19 mpaka 74. Nafasi chache zimebaki!" Siku ile simu haikupumzika. Nilipata wanafunzi wapya sita.

Wiki haikuisha. Mama yake anauza ndizi za Tukuyu sokoni, nami ni mteja wake. Nilipofika hakunichagulia mkungu kama kawaida. Akafuta mikono kwenye kanga, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, kwa kumfundisha mwanangu nakushukuru. Ila huko shuleni sasa wanamwita Kumi na Tisa."

Mimi nilidhani watu watasoma 74.

Nilifuta picha palepale, mbele yake. Lakini stetasi hata usipoifuta inatoweka yenyewe baada ya saa 24. Skrinishoti ndiyo haitoweki, na ilikuwa imeshafika kwenye magrupu nisiyoyajua. Nikajitetea kwamba kijana alikubali, tena alicheka. Utetezi wa kitoto. Mtoto wa miaka kumi na minne atamkatalia vipi mwalimu aliyeshika simu?

Baadaye ndipo nikaitafuta Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Nikakumbuka pia kwamba Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule bora wala wanafunzi bora, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba orodha zile zinazifanyia shule matangazo ya biashara. Wakati ule nililalamika. Kumbe na mimi nilikuwa na orodha yangu ya mtu mmoja.

Siku hizi namuuliza mzazi, mtoto akiwa hayupo. Namwonyesha picha na maneno yatakayokaa chini yake, halafu namwambia anijibu kesho. Jibu la papo hapo mara nyingi ni la aibu tu, mtu hataki kumwangusha mwalimu. Sura na sare siweki hata nikikubaliwa. Mara nyingi naposti mkono wangu ukitatua mlinganyo ubaoni, dakika moja. Wanaokuja ni wachache kuliko siku ya 74, nisiwadanganye.

Nilikuwa pia na grupu la WhatsApp la wanafunzi, nalo nililivunja. Ukimwingiza mtu kwenye grupu, namba yake wanaiona wote, na binti mmoja alianza kutumiwa meseji za usiku na mtu aliyejiunga kama "mzazi". Sasa mazoezi nayatuma kwa simu za wazazi, kila mmoja peke yake.

 

Kijana bado namfundisha, yuko kidato cha tatu. Mama yake bado namnunulia ndizi. Zamani alikuwa akinipa kichane cha nyongeza bila kuombwa. Sasa ananiuzia kama anavyomuuzia kila mtu, na mimi nalipa, sidai nyongeza.