Naomba Choroko: Kiswahili Changu Kilipofika Nairobi

Nilipohama Tanga kuja Nairobi, kila mtu aliniambia nina bahati, lugha ninayo. Nikaamini. Wiki ya kwanza nikasimama mbele ya kibanda cha mama mboga Kawangware, nikasema, "Samahani mama, naomba choroko nusu kilo."

Akanitazama. "Kwani umenikosea nini?"

Nikarudia, choroko. Akamwita binti yake aje asikilize. Mwishowe nikanyoosha kidole kwenye gunia la punje za kijani. "Aaah, ndengu! Si ungesema."

Basi wewe unayekuja, anza na maneno ya sokoni kabla ya mengine yote. Giligilani huku ni dania. Viazi utasikia vikiitwa waru. Makande ni githeri, na utayala sana. Jifunze na majina ya pesa, maana makanga, yaani konda wa huku, hatakungoja utafsiri: mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000.

Hapo kwenye pesa tuongee vizuri. Sikio la Mtanzania likisikia "mia tano" linaona ni hela ndogo, jero tu. Nilinunua sweta ya mtumba soko la Toi kwa mia tano bila hata kuomba nipunguziwe. Nilipofika nyumbani ndipo nikapiga hesabu: shilingi 100 ya Kenya ni kama 2,000 ya kwetu, kwa hiyo nilikuwa nimetoa karibu 10,000. Miezi ya mwanzo badilisha kila bei kichwani kabla hujafungua pochi. Sweta yenyewe lakini nunua. Julai ya huku si ya Tanga, kanga mbili hazikufikishi asubuhi.

Kwenye matatu, uliza nauli kabla ya kupanda, hata kama umepanda gari lilelile asubuhi. Sisi tumezoea nauli ya daladala iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri ya kwetu, jua liwake au mvua inyeshe. Huku mvua ikianza tu saa kumi na moja jioni, finje inageuka soo, na abiria wanalipa kimya. Mimi siku hizi natembea na soo ya akiba isiyoguswa.

Kodi ya nyumba ndiyo iliyonifurahisha. Hakuna aliyenidai miezi sita kwa mkupuo. Nililipa mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, nikapewa funguo.

Lakini kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni neno "nipe". Kwetu ukimwambia mtu mzima "nipe hiyo kalamu", umemtuma kama mtoto. Jamaa mmoja kazini alikuwa akiniambia hivyo kila siku, "nipe", "leta", "ngoja hapo", nami nikamwekea kinyongo miezi miwili. Halafu siku moja lifti imeharibika, mtungi wangu wa gesi uko chini, na yeye alikuwa amepita kuniletea makaratasi. Hakuuliza kitu. Aliubeba begani hadi ghorofa ya nne, akautua jikoni, akasema, "Nipe maji." Nilimpa maji na kinyongo kikaishia hapo. Nakuomba usipoteze miezi yako miwili kama nilivyopoteza mimi. "Nipe" ya huku haina dharau ndani yake, ni namna ya kuomba tu.

Wala usiache ya kwenu. Ghorofa ya chini anaishi bibi mmoja, na asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo." Akasimama na ndoo yake mkononi, akacheka, akasema neno hilo mara ya mwisho alilitamka akiwa shule ya msingi. Akafikiri kidogo, kisha, "Marahaba." Sasa nikichelewa kazini nikampita mbio, ananiita kutoka mlangoni, "Wewe wa Tanga! Na shikamoo yangu ya leo iko wapi?"